Kiwanda kinachorudishia shamba: mwongozo kamili wa usanifu wa kuhuisha, kwa mfano wa mkonge

Ukiingiza kilo 100 za majani ya mkonge kwenye korona, yaani mashine inayoponda majani na kutoa nyuzi, utapata takriban kilo 4 tu za singa kavu, yaani nyuzi zenyewe. Kilo 96 zilizobaki ni maji na nyama ya jani, na katika viwanda vingi husombwa kwenye mfereji hadi lundo la nyuma au hadi mtoni. Kwa kila tani moja ya singa hutoka karibu tani 24 za mabaki, na maji ya kusafishia hufika kama mita za ujazo 100. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf, na tangu hapo mashamba mengi yamekuwa yakitoa majani bila kurudishiwa kitu cha maana.

Usanifu wa kuhuisha ni kupanga kiwanda ili kila mwaka kinapofanya kazi udongo, maji na watu wanaokizunguka wawe na hali bora kuliko mwaka uliotangulia. Kupunguza uchafuzi ni sehemu ya kazi hiyo, lakini kiwanda kinaweza kupunguza uchafuzi kwa nusu na shamba likaendelea kuchoka. Mwongozo huu unafuata kiwanda cha mkonge hatua kwa hatua kwa sababu hapo kila kitu kinaonekana kwa macho. Mwenye kiwanda cha sukari, samaki, kahawa au matunda ataona mara moja wapi pa kubadilisha jina la zao.

Hatua ya 1: Pima kila kinachotoka kwa mlango wa nyuma

Kiwanda kinajua bila shaka idadi ya marobota kiliyouza. Mara nyingi hakijui kimetupa nini. Anza hapo, kabla ya kumwita mhandisi yeyote wa bayogesi, gesi ya mabaki yanayooza.

Chagua wiki mbili, moja ya kiangazi na moja ya masika, kwa sababu jani la masika lina maji mengi zaidi. Pima kila tela la majani linaloingia. Pima singa baada ya kukauka. Kwa mabaki mazito, jaza tela moja, lipeleke kwenye mizani, kisha hesabu matela ya siku nzima. Kwa maji, kama hakuna mita, weka ubao wenye mkato wa pembe tatu kwenye mfereji, soma kimo cha maji kila saa na utumie jedwali la mtiririko. Mfereji mdogo unaweza kupimwa kwa ndoo na saa.

Kisha peleka sampuli maabara. Unahitaji kujua mambo matatu kuhusu mabaki: kiasi cha vitu vikavu, kiasi cha vitu vinavyoweza kuoza ndani ya hivyo vikavu, na rutuba iliyomo, yaani naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Kwa Tanga, kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, kimeshughulika na udongo na mkonge kwa miongo mingi, na ndiko ningeanza kuuliza.

Weka matokeo kwenye ukurasa mmoja wenye safu nne: nini kinatoka, kiasi gani kwa siku, kinakwenda wapi sasa, na nani anabeba gharama yake. Safu ya nne ndiyo hufungua macho. Mvuvi wa mto wa chini anabeba gharama, lakini hayumo kwenye vitabu vya kiwanda. Ukijumlisha uzito wa vinavyotoka ukaona upungufu wa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na vilivyoingia, kuna mkondo umeusahau. Kagua mifereji upya.

Hesabu moja zaidi, na hii mpelekee mhasibu. Zidisha kilo za potasiamu na naitrojeni zilizomo kwenye mabaki ya mwaka mzima kwa bei ya mfuko wa mbolea dukani. Bodi ya wakurugenzi iliyokuwa inasinzia kwenye mada ya mazingira huamka ikiona jumla hiyo.

Hatua ya 2: Jua ardhi uliyoikalia

Kabla ya kubadilisha chochote chukua sampuli za udongo, kwa kina cha sentimita 0 hadi 20 na 20 hadi 40. Katika kila kipande cha shamba chota sehemu 15 hivi, uchanganye, upeleke kilo moja. Andika pia hali ya mto: rangi, harufu, oksijeni iliyoyeyuka, na samaki gani wanapatikana juu na chini ya kiwanda. Vipimo hivi vya mwanzo ukivikosa leo, hutavipata tena, na baada ya miaka mitano hutakuwa na la kulinganisha nalo.

Tembea kando ya mto pamoja na wanaoutumia. Wao ndio wanaojua ni mwezi gani maji hugeuka meusi na ng'ombe wakakataa kunywa.

Mkonge una lugha yake ya kueleza njaa ya udongo. Potasiamu ikipungua, sehemu ya chini ya jani karibu na shina hunyauka na kufanya utepe wa kahawia, na jani hukunjika hapo. Ukiona utepe huo huku nyuma ya kiwanda kuna lundo la mabaki yenye potasiamu linaoshwa na mvua, tayari unajua kazi iliyo mbele yako.

Mfano bora ninaoujua wa kusoma ardhi kwa subira uko Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe tangu miaka ya 1950 na kuacha jangwa jeupe lenye joto kali na maji ya chumvichumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu, mvinje ukiwamo. Mvinje ulikua, lakini majani yake yaliyoanguka hayakuoza, kwa hiyo udongo haukutengenezeka. Ndipo walipoonekana jongoo wakiyala, wakaletwa kwa wingi, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji. Baadaye wakaja samaki, ndege na wanyama wakubwa, na leo mahali hapo panaitwa Haller Park. Mtu angeweza kumwaga malori ya udongo kutoka kwingine akamaliza kwa msimu mmoja, na pengine mvua ingeuosha wote. Haller alitafuta kiumbe kilichokosekana kwenye mnyororo. Hilo ndilo swali la kuuliza katika ardhi yoyote: ni kiungo gani kimekatika hapa?

Hatua ya 3: Tenganisha mikondo

Mabaki yakichanganywa hupoteza thamani. Kwenye korona kuna angalau mikondo mitano: singa fupi zinazosombwa na maji, nyama ya jani, juisi ya jani yenye tindikali, maji ya kuoshea singa, na maji ya karakana yenye grisi na dizeli. Kila mmoja uwe na njia yake.

Singa fupi zinaswe kwa wavu au kichujio cha ngoma, zikaushwe, ziuzwe. Zina daraja lake sokoni. Kuna sababu nyingine ya kuzinasa. Singa ya sentimita 20 ikiingia kwenye pampu hujisokota kwenye pangaboi la ndani, ikavuta wenzake, na baada ya saa chache fundi anafungua pampu na kukuta donge gumu la kamba linalohitaji kisu. Kifaa cha kukoroga ndani ya mtambo wa gesi hupatwa na janga hilohilo, ila huko huwezi kuingiza mkono.

Maji ya karakana yaende kwenye tangi la kutenganisha mafuta, wala yasikaribie mfereji wa nyama ya jani. Lita chache za mafuta machafu zinatosha kuharibu tope la mabaki yaliyooza ambalo lingekwenda shambani. Vyoo navyo viwe na mfumo wao.

Hatua ya 4: Punguza maji kwanza

Usijenge bwawa kubwa la kusafishia maji ambayo hayakupaswa kutumika. Tumia maji safi kwenye suuza ya mwisho tu. Yakitoka hapo yarudi kwenye suuza ya kabla yake, na mwisho yaende kwenye korona. Faida yake ni mbili: unachota kidogo mtoni, na mabaki yanatoka mazito, jambo ambalo mtambo wa bayogesi unalihitaji. Angalia rangi ya singa kila siku unapopunguza maji. Mnunuzi wa daraja la juu hulipia weupe, na utakapoona umanjano umeanza ujue umefika mpaka.

Hatua ya 5: Toa nishati bila kupoteza rutuba

Mabaki makavu yanaweza kuchomwa, lakini moto hupeleka naitrojeni na kaboni angani. Kuozesha mahali pasipo hewa hutoa gesi na kuacha karibu rutuba yote kwenye tope. Kwa hiyo bayogesi inatangulia, na jambo hili lilishafanyika Hale, wilayani Korogwe: mtambo wa kampuni ya mkonge ya Katani uliojengwa kwa kushirikiana na serikali, UNIDO (shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda) na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa ulizinduliwa mwaka 2008, ukianza na jenereta ya kilowati 150.

Hesabu ya makadirio inafanyika hivi. Tuseme tani moja ya nyama mbichi ya jani ina kilo 100 za vitu vinavyooza. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yalipata takriban mita za ujazo 0.18 za methani, gesi inayowaka ndani ya bayogesi, kwa kila kilo ya vitu hivyo pale mabaki ya nyuzi yalipotumika bila kukatwa. Tani moja basi ingetoa methani mita 18, sawa na bayogesi mita 30 hivi. Mita moja ya methani ina nishati ya kilowati-saa 10. Injini nzuri hugeuza theluthi moja kuwa umeme. Unapata kilowati-saa 60 kwa tani. Ukilisha mtambo tani 10 kwa siku, ni kilowati-saa 600, yaani kilowati 25 mchana na usiku. Weka takwimu za maabara yako badala ya hizi kabla ya kuagiza kitu.

Ukubwa wa tangi: tani 10 za mabaki na kiasi hichohicho cha maji machafu ya kiwanda ni mita 20 kwa siku. Zikikaa siku 30, unahitaji mita za ujazo 600, na nafasi ya gesi juu yake.

Majaribio hayohayo ya chuo yalionyesha kwamba kukata nyuzi hadi milimita 2 kuliongeza methani kwa zaidi ya asilimia 20. Lakini kukata kunakula umeme, kwa hiyo pima kama kinachoongezeka kinazidi kinacholiwa. Njia ya pili ni kuchanganya. Nyama ya mkonge ina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Vijidudu hufanya kazi vizuri kaboni ikiwa kati ya mara 20 na 30 ya naitrojeni. Mabaki ya samaki, samadi ya ng'ombe au kinyesi cha kuku hurekebisha hilo. Ukiwa Tanga, soko la samaki na wafugaji wako karibu, na unawaondolea mzigo nao.

Kuwasha mtambo kunataka subira kuliko ufundi. Jaza samadi mbichi ya ng'ombe na maji, funga, ngoja hadi gesi iwake kwa mwali wa buluu. Kisha lisha sehemu moja ya kumi ya chakula kilichokusudiwa, uongeze kila wiki huku ukipima pH. Iwe kati ya 6.8 na 7.5. Juisi ya mkonge ni chachu, na ukilisha kwa pupa tindikali hupanda, vijidudu vya methani hulala, gesi hukata. Ikishuka chini ya 6.8 acha kulisha siku kadhaa. Ikibidi ongeza chokaa kidogokidogo. Joto la ndani liwe nyuzi 30 hadi 40. Mvuke au maji ya kupozea injini yatasaidia miezi ya baridi.

Gesi hii ina salfidi ya haidrojeni, inayokula injini na kuua watu. Ipitishe kwenye pipa lenye chuma kilichoshika kutu au vinyweleo vya chuma, uvibadilishe kwa ratiba. Harufu yake ya yai bovu hutoweka kadiri kiwango kinavyopanda, kwa kuwa huifisha pua, kwa hiyo mtu asiseme "sinusi kitu, pako salama". Hakuna anayeingia ndani ya tangi, hata likiwa tupu, bila kipima gesi, kamba na mwenzake nje. Weka pia kichomeo cha gesi ya ziada. Methani ikivuja hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi kwa miaka 100, na mtambo unaovuja ni hasara kuliko kutokuwa nao.

Hatua ya 6: Rudisha tope, na urudishe kwa mwenyewe

Hapa ndipo miradi mingi huishia njiani. Umeme unaleta picha nzuri, tope linaachwa kwenye bwawa. Kwa udongo, tope ndilo lenye thamani.

Lipime maabara kila msimu. Ikiwa, kwa mfano, mita moja ya ujazo ina kilo 2 za naitrojeni na shamba linataka kilo 60 kwa hekta, unaweka mita 30 kwa hekta, basi. Zaidi ya hapo unachafua maji ya ardhini. Weka kati ya mistari, udongo ukiwa na unyevu, wala si siku ya mvua kubwa, na acha ukanda usioguswa kando ya mto. Kwa mashamba ya mbali, chuja tope, uchanganye sehemu nzito na majani makavu, ufanye mboji. Kubeba maji kilomita 15 ni kuchoma dizeli bure.

Sasa jambo linalosahaulika. Kiwanda kinachonunua majani kwa wakulima wadogo kinabeba potasiamu na kalsiamu ya mashamba yao. Kikimwaga tope lote kwenye shamba lake, kitakuwa kimehuisha ardhi yake kwa kuchosha ya jirani, na vipimo vyake vitapendeza kila mwaka. Tela linaloleta majani asubuhi hurudi tupu. Lirudi na mboji, kwa uzito unaolingana na majani aliyoleta mkulima, na iandikwe kwenye stakabadhi yake kama haki, isiitwe msaada. Mkulima akijua hivyo hatang'oa mkonge ukichoka.

Hatua ya 7: Maji ya mwisho

Maji yatakayobaki yapite bwawa la kutuliza, kisha bwawa la matete au mafunjo, ambako mizizi na vijidudu humalizia kazi. Tanzania hairuhusu maji yenye BOD, yaani kipimo cha oksijeni inayoliwa na uchafu unaooza, inayozidi miligramu 30 kwa lita kumwagwa mtoni. Ichukue namba hiyo kama sakafu. Lengo la kweli ni maji yatumike kwenye kitalu cha miche na bustani, mtoni kusiende kitu kiangazi kizima. Pima chumvi pia kabla ya kumwagilia.

Hatua ya 8: Bidhaa yenyewe

Kamba ya mkonge iliyofika mwisho wa kazi inapaswa kuoza shambani bila madhara. Lakini singa husokotwa kwa mafuta ya kulainisha, na mafuta ya petroli hubaki ndani yake. Magunia ya kakao na kahawa hutengenezwa kwa mafuta ya mimea kwa sababu wanunuzi wa chakula hawataki mabaki ya petroli. Kama inawezekana kwa gunia, inawezekana kwa kamba. Zulia la mkonge lililogundishwa mgongo wa plastiki haliozi wala halirejelezwi. Muulize mbunifu: likichakaa linakwenda wapi? Asipojibu, lisianze kuzalishwa.

Hatua ya 9: Watu

Chumba cha brashi, ambako singa kavu husuguliwa na kusafishwa, kina vumbi linaloingia mapafuni. Feni ya kufyonza mahali vumbi linapozaliwa inalinda wafanyakazi kuliko barakoa, na vumbi lililonaswa nalo huenda kwenye mboji. Kiwanda kinachohuisha udongo na kuwaacha wafanyakazi wakikohoa hakijahuisha chochote. Wape mafunzo waendeshaji wa mtambo hadi wawili au watatu waujue kila zamu. Mtambo unaojulikana na mtu mmoja hufa siku anapohama.

Vibali na fedha

Tanzania utaanza na tathmini ya athari kwa mazingira kupitia NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira; Kenya ni NEMA. Ukitaka kuuza umeme wa ziada, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ina utaratibu wa wazalishaji wadogo. Ushauri wangu: usijenge hesabu yako juu ya kuuza umeme. Hesabu kwanza dizeli na ankara ya umeme utakayoepuka, kisha mbolea, kisha adhabu na malalamiko ambayo hayatakuwepo. Umeme wa kuuza uwe nyongeza.

Kama kiwanda chako si cha mkonge

Sukari, kahawa, matunda na samaki hufuata mpangilio huuhuu karibu bila kubadilika. Ngozi ni tofauti: kromiamu, kemikali ya kutengenezea ngozi, lazima itengwe na kurudishwa kwenye mchakato kabla tope halijafikiriwa kuwa mbolea, na bila uthibitisho wa maabara lisiguse shamba. Nguo zenye rangi za viwandani vivyo hivyo. Machimbo ya saruji na kokoto yajifunze Bamburi.

Hatua ya 10: Acha mistari ya ushahidi

Katika kila kipande cha shamba, acha mistari michache isiyopewa tope wala mboji, uiwekee vigingi vya rangi ili dereva wa tela asiipitie. Kila mavuno hesabu majani kwa mche, pima urefu wake, na upime singa ya mistari hiyo na ya jirani yake kwa mizani ileile. Kila miaka miwili rudia sampuli za udongo katika sehemu zilezile 15. Mkonge huanza kuvunwa ukiwa na miaka miwili au mitatu, kwa hiyo tofauti ya kweli itaonekana mzunguko wa tatu au wa nne wa kukata. Bandika matokeo kwenye ubao wa lango la kiwanda, mahali wakulima wanaposubiri mizani, yakiwa na tarehe na jina la kipande cha shamba, hata msimu ambao mistari isiyopewa kitu imefanya vizuri zaidi.